Tumtaje C.L.R. James pamoja na kriketi yake

Mhariri,

Kila inapozungumzwa historia ya ukombozi wa Mwafrika, jina la Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halikosi kutajwa, na ni haki yake. Lakini Rodney naye, alipokuwa akisoma London, alikuwa akienda pamoja na vijana wenzake kujadiliana nyumbani kwa mzee wa Trinidad, kisiwa cha Karibi, C.L.R. James. Wachache wanaomkumbuka mzee huyo hapa kwetu humtaja kama mwanasiasa tu, wakaiacha kriketi kando, labda kwa sababu tumezoea kuiona kuwa mchezo wa Wahindi.

James alizaliwa mwaka 1901, mtoto wa mwalimu. Nyumba yao ya Tunapuna ilipakana na uwanja wa kriketi, na mtoto huyo alikuwa akisimama juu ya kiti dirishani kutazama mchezo. Akiwa juu ya kiti hichohicho, mkono wake ulifikia vitabu vilivyowekwa juu ya kabati. Alipokua alifundisha katika Queen's Royal College, shule aliyosoma mwenyewe, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Eric Williams, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago.

Nje ya darasa alichezea klabu ya Maple. Katika Trinidad ya wakati ule kila klabu ilikuwa na rangi na tabaka lake: Queen's Park ilikuwa ya wakubwa, wengi wao Wazungu, Maple ya watu wa maji ya kunde, Shannon ya Weusi wenye kisomo na kazi za kawaida. James, aliyekuwa mweusi, alichagua Maple, na baadaye aliujutia uamuzi huo. Naamini hapo ndipo alipojifunza kuusoma ukoloni, kwa kutazama nani anaruhusiwa kuvaa fulana ya nani, kabla hajafungua jalada lolote la nyaraka.

Mwaka 1932 alikwenda Uingereza, akafikia kwa mchezaji mwenzake Learie Constantine katika mji wa Nelson, na akawa anaandika habari za kriketi katika gazeti la Manchester Guardian. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, aliongoza chama cha kuitetea nchi hiyo, ambacho Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1938 alitoa The Black Jacobins, historia ya watumwa wa Haiti waliojikomboa wenyewe kati ya 1791 na 1804. Humo alionyesha kwamba watu waliofanya kazi kwa mamia katika mashamba ya miwa na viwanda vya sukari walikwisha kujifunza kushirikiana kama wafanyakazi wa viwandani, hata kabla ya kushika silaha.

Aliporudi kwao aliendesha kampeni gazetini ili mchezaji Frank Worrell apewe unahodha wa West Indies, timu ya pamoja ya kriketi ya nchi za Karibi. Mwaka 1960 Worrell akawa mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika mfululizo mzima wa mechi.

Naomba gazeti lako limwandalie makala ndefu. Wahariri wakibishana iwe ukurasa wa historia au wa michezo, mimi ningeiweka wa michezo.

Mwalimu wa historia,
Tanga