Barua kwa vijana wanaojaza fomu za mkopo wa chuo kikuu

Wanangu,

Msimu huu wa fomu nawasikia mkiulizana, "Utapewa kiasi gani?" Nawaombeni muanze na swali jingine: nikishahitimu, nitaweza kurejesha kiasi gani kila mwezi? Kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye fomu amekiweka mkopeshaji. Yeye hajui utaajiriwa wapi wala nani atakutegemea.

Andikeni gharama za mwaka mzima: ada, malazi, chakula, vitabu, nauli, matibabu, na ile miezi ya likizo ambayo wengi huisahau. Toeni ufadhili na kila msaada usiorejeshwa. Toeni pia mchango wa nyumbani, ila ule wa uhakika tu. Ahadi ya mjomba msiihesabu mpaka fedha ifike. Pengo linalobaki ndilo la kukopa. Kisha lipigieni hesabu kwa miaka yote ya masomo, kwa sababu mkopo wa mwaka wa kwanza peke yake haumtishi mtu.

Tuseme unakopa 100,000 kila mwaka kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 6 inayoanza kuhesabiwa siku unapopokea fedha. Siku ya kuhitimu deni si 400,000 tena. Limeshafika 460,000 hata kama riba yenyewe haikuzaa riba. Ukililipa kwa miaka 10, rejesho la mwezi ni kama 5,100, na mwisho utakuwa umetoa zaidi ya 612,000. Washauri wengi wa fedha husema rejesho lisizidi sehemu ya kumi ya mshahara. Basi deni hilo linadai mshahara wa 51,000 kwa mwezi. Je, anayeanza kazi katika fani yako huupata? Waulizeni waliohitimu miaka miwili mitatu iliyopita. Matangazo ya chuo hayatoshi.

Masharti nayo yasomeni kwa makini. Kuna mikopo isiyotozwa riba wakati wa masomo. Hiyo ndiyo ya kutangulia. Na kuna nchi, kama Uingereza na Australia, ambako mkopo wa serikali huanza kukatwa pale tu mapato yanapovuka kiwango fulani. Hapo mwenye kipato kidogo ana nafuu, na hesabu niliyowaonyesha hubadilika.

Lakini msinielewe kwamba nawafundisha kuogopa mkopo. Linaloniumiza zaidi ni kijana aliyekopa kidogo mno kwa kujikaza, akashinda na njaa, akaongeza saa za kibarua hadi masomo yakamshinda, akaacha chuo mwaka wa tatu. Huyo deni analo na shahada hana. Kama pengo ni la kweli, kopeni lote, msione haya. Na likiwa kubwa kuliko mshahara mnaoutazamia, badilisheni chuo au aina ya makazi kabla ya kubadilisha chakula.

Kiasi mlichoidhinishiwa mkikiona kimezidi, ombeni kipunguzwe. Wakopeshaji wengi huruhusu. Na mwenye mdhamini amwonyeshe hesabu yote, pamoja na riba, kabla hajatia saini, kwa kuwa ukishindwa kulipa atafuatwa yeye.

Mzee wenu