Jumamosi tunarudi Seattle ya 1984

Wapenzi wa gitaa zito, habari za jioni. Jumamosi hii saa mbili usiku tunasikiliza Soundgarden, bendi ya roki ya Seattle, Marekani, pamoja, na tutabaki kwenye miaka yao ya mwanzo tu. Albamu ya 1994 iliyowapa umaarufu dunia nzima tutaitengea siku yake.

Bendi ilipoanza 1984, Chris Cornell alikuwa anapiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja. Kim Thayil kwenye gitaa, Hiro Yamamoto kwenye besi, basi. Mwaka 1985 wakamleta Scott Sundquist ashike dramu ili Cornell asimame mbele, na 1986 akaingia Matt Cameron. Kwangu mimi, kumtoa Cornell nyuma ya dramu ndiko kulikoizaa bendi tunayoipenda. Sauti ile inaanzia chini kabisa kifuani, inapanda mpaka unadhani imefika mwisho, kisha inapanda tena!

Tutaanza na Screaming Life, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Sub Pop 1987, halafu Ultramega OK ya 1988. Tafadhali tafuteni hedifoni au spika nzuri, maana spika ya simu inaimeza besi ya Yamamoto yote.

Baada ya hapo, kila mmoja arekodi sauti fupi aeleze alimsikiaje Cornell mara ya kwanza. Mliokuwa mnamfuatilia tangu zamani, na mkaumia alipofariki Detroit Mei 2017, semeni kwa urefu mnaotaka. Wageni, ulizeni chochote. Linki za nyimbo naziweka hapa Ijumaa jioni.