Hatifungani za kale za Marekani ni za kuhifadhi, si za kudai dhahabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wa Moshi na Arusha, kuhusu hatifungani za kale za Marekani, yaani hati za serikali kukiri deni kwa aliyeikopesha, ambazo baadhi ya madalali wanaziuza kama madeni yanayosubiri kulipwa. Nimekusanya nyaraka za namna hiyo kwa miaka mingi na ninazipenda, ndiyo maana inaniuma kuona zikitumiwa kumaliza akiba za watu.

Mwezi uliopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniletea karatasi aliyoinunua Arusha kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Alikuwa ameambiwa kwamba ina saini ya Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, na kwamba Hazina ya nchi hiyo ingemlipa kwa dhahabu pamoja na riba ya zaidi ya miaka mia mbili. Tuliiinua dirishani. Karatasi nyingi za zama hizo, zilizotengenezwa kwa mkono kutokana na matambara ya kitani, huonyesha mistari ya wavu wa waya zikipitiwa na mwanga. Hiyo haikuonyesha chochote. Tulipoisogezea kioo cha kukuzia, saini yenyewe ilikuwa vitone vidogo vya rangi vilivyopangana, ilhali kalamu ya unyoya huacha wino uliokolea pale mkono ulipokaza na kufifia pale ulipokuwa ukielekea kuisha. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, nami sikuwa na neno la kumfariji.

Hata kama ingekuwa halisi, asingelipwa. Kwa sheria ya Agosti 1790, iliyotokana na mpango wa Hamilton mwenyewe, serikali kuu ya Marekani ilibeba madeni ya majimbo yaliyotokana na vita vya uhuru hadi kiasi cha dola milioni 21.5, na wenye hati za zamani wakazirudisha ili wapewe hatifungani mpya. Hati nyingi zilizorudishwa zilitobolewa au kukatwa ili zisidaiwe tena. Ninayo hati ya malipo ya jimbo la Connecticut yenye saini ya Oliver Wolcott, yule aliyemrithi Hamilton Hazina mwaka 1795 na ambaye baba yake, mwenye jina hilo hilo, alitia saini Azimio la Uhuru. Wino wake, uliokuwa mweusi, umegeuka kahawia, na katikati pana tundu ambalo kwangu ni sehemu ya uzuri wake, kwa kuwa linathibitisha kwamba deni lilimalizwa.

Mkusanyaji hununua saini, hali ya karatasi na historia iliyobebwa humo. Mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa ni hati ya hisa na si hatifungani, ni ule wa North American Land Company ya mwaka 1795, yenye saini ya Robert Morris. Mtu huyu alitia saini Azimio la Uhuru na Katiba, akahangaika kutafuta fedha za vita vya uhuru, kisha biashara ya ardhi ikamfilisi na akafungwa Philadelphia kwa sababu ya madeni kuanzia 1798 hadi 1801. Hati hizo, ambazo zilikuja kupoteza thamani yake ya kibiashara, leo hutafutwa minadani kwa ajili ya jina lililo chini yake.

Kwa hiyo, Mhariri, naliomba gazeti lako lisipokee tangazo lolote linaloahidi malipo ya Hazina ya Marekani kwa karatasi za karne ya 18, na lichapishe onyo hilo katika kurasa za biashara kabla ya msimu wa malipo ya kahawa, wakati ambapo wakulima wetu wana fedha mkononi na madalali wanajua hivyo.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa nyaraka za kale,
Moshi