Kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: Mguu wa matende usingojwe mpaka ugande

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete kwa ajili ya mguu wa shangazi yangu. Miaka ya mwanzo ukimbonyeza juu ya kifundo, kidole kilizama na shimo likabaki, kama kwenye unga wa maandazi ulioumuka. Akilala, asubuhi mguu umenywea. Leo hapabonyei tena. Ngozi imekuwa ngumu, imeota vinundu, na ukitaka kuifinya kwenye shina la kidole cha pili haishikiki.

Minyoo ya matende huharibu mishipa ya limfu inayorudisha majimaji ya mwilini. Majimaji yakituama na protini zake, mwili huvimba ndani kwa ndani, ukafuma nyuzinyuzi za kovu, mafuta nayo yakajazana. Bakteria wakipenya kwenye mchubuko wa katikati ya vidole, mgonjwa hupata homa na mtoki, na kila homa huongeza kovu. Uvimbe ukishakuwa mgumu hivyo, haunywei tena wote.

Tangu 2001 vidonge vya ivermektini na albendazoli viligawiwa Unguja na Pemba nzima, nasi tulimeza. Kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini kidonge huua watoto wa minyoo walio damuni, kovu hakiligusi. Shangazi alikwenda kituoni mguu ungali laini, akapewa dawa akaambiwa arudi nyumbani. Hakubonyezwa, wala hakuonyeshwa namna ya kuuosha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tumekuja kujifunza tumeshachelewa: maji safi na sabuni kila siku, kupangusa katikati ya vidole kwa kitambaa laini mpaka pakauke kabisa, dawa ya fangasi panapochubuka, kuinua mguu akikaa, kuchezesha kifundo, kuvaa viatu. Tangu tuanze, homa zimepungua sana. Ugumu umebaki.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kila kituo cha afya kiwe na mtu aliyefundishwa kuubonyeza mguu, kuandika kama bado unabonyea, na kuuosha mara ya kwanza mbele ya jamaa wa mgonjwa, siku ile ile aliyofika. Na wagawaji wa vidonge wakibisha hodi, waulize kwa upole kama nyumbani mna mguu uliovimba. Wengi huuficha chini ya buibui, kama alivyouficha shangazi kabla hajathubutu kwenda kituoni.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Wete, Pemba