Kabla ya Kununua Kishikwambi

Newala, Mtwara
Oktoba 2024

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na mama yako nimemsomea yote, hadi pale ulipotaja bei. Hatujakataa. Malipo ya korosho yakishaingia benki kupitia chama cha msingi, fedha ya kishikwambi, yaani kompyuta ya kibao, itapatikana, ingawa huenda isifikie kiasi ulichokiandika. Kabla ya hapo ninataka unieleze vizuri jambo moja: unatarajia kikufanyie nini? Umesema kitakuwa daftari, maktaba, kamera, kompyuta na mahali pa kuandalia masomo, kikiwa na kalamu yake na kibodi yake ya kuchomeka. Matarajio ya namna hiyo yana umri mkubwa kuliko wako, na yamewatia hasara watu wenye fedha nyingi kuliko sisi.

Mwaka 2004, kabla hujazaliwa, Kituo cha Utafiti wa Afya cha Ifakara kilifanya utafiti mkubwa wa kaya katika wilaya tano za huku kwetu: Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini. Nilikuwa miongoni mwa wadodosaji 120, wengi wetu tukiwa tumeishia kidato cha nne na wachache sana wakiwa wamewahi kutumia kompyuta. Tulifundishwa na kufanya majaribio kwa wiki mbili, kisha tukaingia vijijini na kompyuta za mkononi aina ya Palm m130, zinazoenea kiganjani, zenye kumbukumbu ya megabaiti 8 tu. Dodoso lote lilikuwa humo ndani. Swali lisilomhusu mhojiwa lilirukwa bila sisi kuhangaika kutafuta ukurasa, jibu lisilopatana na majibu yaliyotangulia lilionekana palepale wakati mama wa kaya bado ameketi mbele yako, na ukishaondoka kwenye kaya ile hukuweza tena kubadilisha kitu. Taarifa zilihifadhiwa kwanza kwenye kadi ndani ya kifaa, jioni zikahamishiwa kwenye kompyuta mpakato ya msimamizi, kisha zikanakiliwa kwenye CD. Umeme wa kuchajia ulitoka kwenye sola na kwenye magari.

Kwa wiki saba tulifika kaya 21,600 zenye watu 83,346, na hakuna taarifa iliyopotea. Kazi ya vijijini ilimalizika tarehe 26 Agosti. Tarehe 28 matokeo ya awali yalikuwa yanawasilishwa mbele ya viongozi wa wilaya. Kwa desturi ya karatasi, madodoso yangeingizwa kompyutani mara mbili na watu tofauti, yakalinganishwa, na makosa yakasahihishwa moja baada ya jingine kabla mtu hajathubutu kutoa hata jedwali moja. Na kifaa kilichoondoa kazi yote hiyo hakikuwa na kamera wala intaneti, na sikumsikia mtu akililalamikia hilo.

Baadaye nilitaka kujua aliyekibuni alifikiri nini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hoja yangu. Mwaka 1992 John Sculley, aliyekuwa akiiongoza Apple, aliitangazia dunia kompyuta ya mkononi ambayo ingekuwa msaidizi wa mtu, na mwaka uliofuata Newton MessagePad ikaingia sokoni kwa dola 699. Ahadi yake kubwa ilikuwa kwamba utaandika kwa mwandiko wako mwenyewe, uwe mzuri au mbaya, nayo itausoma. Haikuusoma vizuri. Magazeti na vichekesho vya televisheni vikaifanyia dhihaka, na ingawa matoleo ya baadaye yalisoma mwandiko vizuri zaidi, jina lilikuwa limekwisha kuharibika. Mwezi Februari 1998 Apple iliacha kuitengeneza.

Jeff Hawkins, ndiye aliyebuni Palm, alikuwa na uzoefu wa mambo haya tangu mwaka 1989, alipobuni GRiDPad, kompyuta ya kuandikia kwa kalamu yenye uzito wa takriban kilo mbili na bei iliyozidi dola 2,000. Alipoanza kufikiria kifaa kidogo zaidi, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kuingia kwenye mfuko wa shati, akawa anakibeba mchana kutwa. Mtu akimuuliza kama ana nafasi siku fulani, alikitoa kibao chake na kujifanya anatafuta tarehe. Kwa njia hiyo alijua, kabla fundi hajaunganisha waya wowote, ni mambo gani hasa mtu huyatafuta mfukoni: tarehe, namba za simu, orodha ya kazi na maelezo mafupi. Kuhusu mwandiko, aliigeuza hesabu. Badala ya mashine kujifunza mwandiko wa kila mtu, mtu alijifunza herufi zilizorahisishwa, nyingi zikichorwa kwa mkokoto mmoja. A, kwa mfano, ilikuwa V iliyopinduliwa, bila mstari wa katikati. Wengi waliona ni dharau kumfundisha mtu mzima kuandika upya, lakini herufi zile zilishikika upesi na mashine ilikosea mara chache. Kifaa chake kiliitwa Pilot, na Pilot ya kwanza ilitoka mwaka 1996 kwa dola 299, ikiwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu na betri mbili ndogo za kawaida zilizodumu kwa wiki kadhaa. Ndiyo mama wa ile m130 niliyopita nayo vijijini.

Jambo la Newton linakuhusu kuliko unavyodhani. Ilikuwa ikibahatisha maneno kwa kuyalinganisha na orodha iliyohifadhiwa ndani yake, hivyo neno lisilokuwamo, hasa jina la mtu, liliweza kugeuzwa kuwa neno jingine kabisa. Simu yako inafanya hivyo leo unapoandika Kiswahili huku kibodi ikidhani ni Kiingereza. Wewe unasomea ualimu na maandalio yako ya masomo yatakuwa ya Kiswahili. Ukilipia zaidi kwa ajili ya kalamu inayobadilisha mwandiko kuwa chapa, kwanza andika nayo dukani sentensi tatu za Kiswahili chenye majina ya watu na ya vijiji vyetu. Muuzaji asipokuruhusu, nenda duka la pili.

Kuhusu vishikwambi vyenyewe, ahadi zilizidi hata zile za Newton. Novemba 2001 Bill Gates wa Microsoft, watengenezaji wa Windows, alitabiri kwamba katika miaka mitano kompyuta za kibao zingekuwa ndizo zinazonunuliwa zaidi kuliko kompyuta za aina nyingine Marekani. Zilianza kuuzwa rasmi mwezi Novemba 2002, ghali na nzito kwa mkono mmoja, zikiendeshwa na Windows iliyotengenezwa kwa ajili ya kipanya na kupachikiwa kalamu, na miaka mitano ikapita bila utabiri kutimia. iPad ilipotangazwa tarehe 27 Januari 2010, wengi walikuwa wametarajia bei ya karibu dola 1,000 na kompyuta kamili. Ikaja kwa dola 499, gramu 680, chaji ya saa kumi, bila kamera, bila kalamu, bila tundu la USB. Waliovunjika moyo walisema ni simu iliyokuzwa. Ikanunuliwa kwa mamilioni, kwa sababu kusoma, kutazama na kuperuzi mtandao, ambazo ndizo kazi ilizozichagua, ilizifanya vizuri na papo hapo. Kalamu yake rasmi ilisubiri hadi mwaka 2015, kwa iPad Pro.

Hapa nchini umeona mwenyewe. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, kila karani akiwa na chake, na baada ya hapo vikagawiwa kwa walimu. Mikononi mwa karani kishikwambi kilikuwa na kazi moja inayojulikana. Mikononi mwa mwalimu kinategemea yeye amekipa kazi gani, na ndiyo maana nakuuliza wewe kabla hujanunua.

Ushauri wangu ni uachane na kibodi ya kuchomeka. Kazi ndefu za kuandika zifanyie kwenye kompyuta za chuo. Kalamu ninaweza kukubali ikiwa kweli utachora michoro ya baiolojia, lakini ujue kwamba kioo cha Palm kilihisi mkandamizo, hata ukucha au kijiti kilitosha, ilhali kioo cha sasa huhisi jinsi kidole kinavyobadilisha chaji ya umeme juu yake, hivyo kalamu nyembamba ya kuchorea lazima iwe ya aina inayokubaliana na kifaa hicho, na ikipotea gharama yake inauma. Ukifika dukani, toka nacho nje kwenye jua la Mtwara la saa saba, ufungue ukurasa wa maandishi madogo, ukishike kwa mkono mmoja hadi umalize kuusoma. Vioo vingi huonekana vizuri chini ya taa za duka tu. Uliza pia kama kina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, maana vitabu utavipakua chuoni kwenye intaneti na kuvisoma huku nyumbani, ambako mtandao unaujua ulivyo.

Niandikie bei za maduka mawili au matatu, pamoja na uzito na ukubwa wa betri wa kila kimoja, kabla ya mnada wa pili wa korosho. Nikishapata, nitakutumia fedha kwa simu, na risiti iandikwe kwa jina lako ili dhamana isije ikaleta mabishano.

Mama yako na bibi yako wanakusalimu.

Baba yako