Kwa Mwanaidi, kuhusu Hamadi

Tanga, usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila tumbo langu limetangulia mbele kama ngalawa na kila mtu ananiuliza kama ni mapacha. Si mapacha, ni maji. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia.

Juzi nilikwenda altrasaundi, wiki ya 26. Mpimaji alikuwa mcheshi, ananionyesha miguu, moyo, alipofika usoni akanyamaza. Akanipaka tena ile jeli ya baridi, akaniambia nilale ubavu. Kwenye skrini nikaona paji, pua, mdomo, halafu kidevu kimerudi nyuma, karibu hakipo. Akaitwa daktari. Akatazama skrini, kisha, wallahi, akamgeukia Hamadi akamtazama yeye: macho yale yaliyoinama pembeni, lile sikio dogo mnalomtania tangu utoto. Akamuuliza, "Unasikia vizuri?" Hamadi akajibu, "Nini?" Nikacheka, shoga. Sikujua nachekea nini.

Wanashuku hali iitwayo Treacher Collins, jina la tabibu wa macho wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1900. Ni mtoto mmoja katika 50,000 hivi. Jeni moja ikiwa na hitilafu, mifupa ya mashavu na taya haikui vizuri, masikio nayo vilevile. Akili kwa kawaida haiguswi. Mtoto anashindwa kumeza sawasawa, ndiyo maana maji yamejaa. Mara nyingi huzuka tu, wazazi wakiwa hawana lolote. Ila mzazi akiwa nayo, hata kidogo asijijue, kila mimba ni nusu kwa nusu.

Cha uhakika ni sindano ya kuvuta maji ya uzazi, na damu ya Hamadi, vipelekwe nje. Sindano naiogopa, isije ikaniletea uchungu mapema, na jibu halitambadilisha mwanangu. Nataka nizae penye bingwa wa koo, basi, maana taya likiwa dogo ulimi huangukia nyuma na mtoto anakosa pumzi pale pale anapozaliwa.

Lakini Hamadi! Hasemi. Jana usiku nimemkuta kwenye kioo cha kabati anavuta ngozi ya chini ya jicho. Mama mkwe naye anauliza nilimcheka nani mimba ikiwa changa. Nimemeza. Nikisema imetoka upande wao, nyumba itawaka moto. Na si lawama, basi tu...

Wewe ni dada yake, wewe anakusikiliza. Mpigie, mwambie hakumdhuru mtoto. Mwambie aweke simu sikio la kulia, hilo lingine tunalijua.

Marehemu mjomba wako masikio yake yalikuwaje? Ile picha ya Pangani bado unayo, au kofia imeyafunika? Vile vifaa vya kusikilia vya mkanda wa kichwani huko Muscat vinauzwaje, mtoto mchanga anaweza kuvaa? Utampigia lini, Ijumaa? Na ubani ulioahidi uko wapi?

Wako,
Mama Kijacho