Baba wa watoto wale alikuwa wapi?

Mheshimiwa Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka kumi na minne na sijawahi kukuandikia, hata wiki ile mlipokosea jina la mtaa wetu mara mbili. Makala ya Jumamosi iliyopita kuhusu riwaya ya Soman Chainani, «Rise of the School for Good and Evil» (Kuinuka kwa Shule ya Wema na Uovu), imenishinda kuimeza.

Bila shaka unaikumbuka. Mwandishi wako aliisifu riwaya hiyo ya mwaka 2022, inayorudi nyuma kusimulia yaliyotangulia vitabu vingine vya mfululizo wake, enzi ambapo ndugu wawili mapacha walikuwa wakuu wa shule, mmoja akisimamia Wema na mwenzake Uovu. Hadi hapo sina neno. Kisha akaandika kwamba uzuri wa ngano ni kumwonyesha mtoto tangu ukurasa wa kwanza nani mwema na nani mwovu, akawapanga waovu kama bidhaa za dukani: jitu, mchawi, mama wa kambo. Kitabu hicho nimekisoma. Binti yangu alitumiwa na mjomba wake aliyeko Ndola, Zambia, kikavuka mpaka wa Kasumbalesa kikiwa kimebanwa kati ya magunia ya unga, nami nikakimaliza kwa siku nne, usiku, kwa tochi ya simu. Mapacha wale wamezaliwa tumbo moja na wanapendana, na kitabu kizima kinahangaika na swali la namna mapenzi hayo yanavyoanza kupasuka. Sasa huo uhakika wa ukurasa wa kwanza mwandishi wako aliuona wapi, kama si kwenye jalada?

Mimi ni mama wa kambo. Kati ya watoto wanne ninaowalea hapa Katuba, mtaani Lubumbashi, wawili si wa tumbo langu. Mama yao alifariki, nami nikawapokea mdogo akiwa bado hajui kufunga kifungo cha shati. Wananiita mama mdogo, na nilikuwa nimeridhika na jina hilo. Mwaka jana, nilipokuwa nikiloweka nguo, nilisikia uzito katika mfuko wa kaptula ya shule ya yule mdogo, ambaye ana miaka tisa. Nilitoa vijiwe vyeupe kumi na kimoja, vidogo kama punje za karanga, vimeoshwa vikatakata. Nilidhani ni vya mchezo. Jioni, nikiwa nasonga bukari, yaani ugali, nilimwuliza ni vya nini. Alitazama mwiko, hakunitazama mimi, akasema, «Vya kurudia nyumbani.» Nikamwuliza, kurudi kutoka wapi? «Kutoka porini, mama mdogo, siku utakapotupeleka.» Mwalimu alikuwa amewasomea hadithi ya Hansel na Gretel, watoto walioachwa msituni wakarudi nyumbani kwa kufuata vijiwe vyeupe walivyodondosha njiani, halafu akawaambia walio na mama wa kambo wainue mikono. Bukari iliungua chini ya sufuria na hakuna aliyekula vizuri usiku ule. Kesho yake nilikwenda shuleni, nikangoja saa nzima chini ya mwembe, na nilipopata nafasi ya kusema, mwalimu alicheka kwa adabu akaniambia, «Mama, hizo ni ngano tu.»

Ngano tu! Basi zisomwe zote, pamoja na namna zilivyotengenezwa. Ndugu Grimm, Wajerumani waliozikusanya ngano hizo, walipochapisha mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, aliyemshawishi mume wake awaache Hansel na Gretel msituni alikuwa mama yao mzazi, na aliyetaka Theluji Nyeupe (Snow White), binti wa ngano yao nyingine, auawe alikuwa mama yake mzazi vilevile. Katika toleo la mwaka 1819 mama wa Theluji Nyeupe akafishwa na mahali pake akawekwa mama wa kambo. Katika toleo la mwaka 1840 Hansel na Gretel nao wakapewa wa kambo. Kalamu iliufuta ubaya kwa mzazi ikauandika kwa mgeni aliyeolewa, na tangu hapo sisi ndio tunaoulipia deni hilo, hadi Katuba. Na baba je? Baba wa watoto wale alisikia mpango, akasikitika, akakubali, akatembea nao hadi msituni kwa miguu yake mwenyewe, si mara moja, mara mbili. Mwishoni mke amekwisha kufa, na yeye anakumbatiwa, anapewa lulu na vito, na hakuna mwalimu wala mwandishi wa gazeti anayemwita mwovu. Mume wangu mwenyewe, anayefanya kazi Kolwezi na kurudi mwisho wa mwezi na mkate na peremende, hajawahi kuulizwa swali la vijiwe.

Sisemi kwamba wageni peke yao ndio wenye kosa, maana Kiswahili chetu nacho kina methali ya «Mama wa kambo si mama». Lakini Kalulu, yule sungura wa hadithi zetu, hudanganya, huiba, humponza Simba, na bado tunamcheka na kumpenda. Nyanya yangu hakumpangia shule ya Wema wala ya Uovu.

Ukurasa wa nyuma wa makala hiyo hiyo mlikuwa na kichwa cha habari kwa herufi nene: «Mtoto mchawi akiri». Mtoto wa miaka saba, Mheshimiwa! Ibara ya 41 ya Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Sikatai kwamba wapo mama wa kambo wanaowasingizia watoto hivyo. Wapo pia baba, shangazi na wachungaji. Ila ninyi mlimchukua mtoto huyo mkamwandikisha katika shule ya Uovu kwa karatasi na wino.

Ombi langu ni dogo. Kwa miezi sita, kila mtakapoandika «mama wa kambo katili», mwongeze pale pale maneno «na baba aliyekubali», kwa herufi za ukubwa ule ule. Nafasi mkiikosa, punguzeni tangazo la bia. Vile vijiwe bado ninavyo, katika kopo la maziwa dirishani. Mtoto haviulizii tena, lakini kila Jumamosi huvihesabu.

Mama mdogo,
Katuba, Lubumbashi